Sauti ya Mwenye Kofia

Mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka mji wetu kupakia kontena zima la jinzi kwa jina langu mwenyewe. Watakaobisha wapo, na waende Zhanxi, soko la nguo kule Guangzhou, China, wakaulize. Waulize ni nani aliyewafundisha wafanyabiashara wa Kahama kugeuza suruali ndani nje na kuvuta mshono kabla ya kutaja bei. Shule yangu iliishia darasa la saba, tena huko mwishoni nilikuwa nawasindikiza wenzangu tu. Yaliyobaki nimejisomesha mwenyewe, kwa macho na kwa nyayo. Kichina changu ni cha sokoni, lakini hakuna laoban, yaani bosi wa kiwanda, aliyewahi kunipunja mara mbili.

Nayasema haya mapema ili unayesoma ujue unaongea na mtu wa namna gani. Mimi si mtu wa mizimu. Pombe niliiacha zamani, na kanisani nakaa viti vya mbele.

Basi, siku hiyo nilikuwa Xintang, kwenye kiwanda ambacho hunishonea jinzi, nasubiri sampuli zitoke kufuliwa. Laoban alinikaribisha chumba cha chai. Wenyewe wana desturi ya kukumiminia chai kwenye vikombe vidogo kama vile vya kupimia dawa ya kikohozi, unakunywa, anamimina, unakunywa, anamimina, na katikati ya kumimina huko ndipo bei inapozungumzwa. Kwenye kona kulikuwa na runinga. Ilikuwa inaonyesha picha ya zamani ya kaboi, nyeusi na nyeupe. Mtu mmoja mrefu, kofia imelalia jicho la kushoto, alikuwa anatoka mlango wa baa akiwa ametupa mgongo.

Nilimjua kabla hajageuka.

Akageuka, akafungua mdomo. Wachina wamemwekea sauti ya mtu wao, kwa hiyo ilitoka Kichina. Laoban alisikia Kichina. Mimi nilimsikia kaka yangu, ambaye tulimzika wakati mimi sijui hata pasipoti inafananaje. Nilimsikia kwa Kiswahili, polepole, sauti ikitokea chini kabisa ya kifua: "Nani kafunga farasi wake kwenye mti wangu?"

Chai ilinimwagikia pajani. Laoban akauliza nina nini. Nikanyoosha kidole kwenye runinga, nikasema neno lililokuja kwanza, gege, ambalo ni kaka mkubwa. Akamtazama yule Mzungu, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Gege wako?" akasema. "Mama mmoja?"

"Mama mmoja," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, kwa sababu biashara ni biashara. Lakini bei ya siku ile sikuisimamia vizuri.

Kaka yangu alikuwa na banda la video. Kuta mabati, paa mabati, mabenchi ya mbao, jenereta nje, na mlango wa bati ambao ulikuwa unashikiliwa na mimi. Kazi yangu ilikuwa kupokea kiingilio na kuhakikisha mlango umefungwa, maana jua la kwetu likiingia hata kidogo, picha yote inafutika. Kaka alikaa kando ya runinga na maikrofoni iliyofungwa gundi ya karatasi, akiitafsiri picha. Nasema akiitafsiri kwa heshima. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili. Alichokuwa anakijua kwa hakika ni watu waliokaa kwenye mabenchi yale, na anachotaka mtu aliyetoka kuchimba au kubeba magunia tangu alfajiri.

Walitaka Mwenye Kofia. Hilo ndilo jina ambalo mji mzima ulimpa yule mwigizaji. Zilikuwa kanda za mchezo wa runinga wa zamani sana wa Wamarekani, vipande vifupi vifupi, kila kipande yeye ndiye mkuu wa askari katika mji mmoja wa vumbi, na kila kipande mtu mbaya anakuja. Mji ule wa vumbi tuliuelewa. Ulifanana na wetu, ulipungukiwa pikipiki tu.

Sasa, picha zile zilikuwa na tatizo moja. Farasi walikuwa wanatembea mno. Unaweza kukaa ukatazama farasi akivuka nyika mpaka usinzie, na mtu akisinzia kesho harudi. Hapo ndipo kaka alipoonyesha ufundi wake. Farasi wakianza tu kutembea, yeye huacha picha na kuanza kusimulia maisha ya mwigizaji mwenyewe. Kwamba huyu mnayemwona alizaliwa yatima. Kwamba aliuza maji kwa ndoo. Alilala zizini na farasi wa watu, akajifunza kusoma kwenye magunia ya nafaka. Siku aliyokwenda kuomba kazi ya kuigiza walimpa farasi mkali ili wamcheke, farasi akamtupa chini mbele ya mabosi wote. Akainuka, akapangusa kofia, akasema: "Nipe mwingine."

Banda zima lilikuwa linaitikia. Nipe mwingine.

Mimi nimeishi kwa maneno yale. Mzigo wangu wa kwanza ulipoloa bandarini na jinzi zote zikaota ukungu, watu walikuja kunipa pole kana kwamba kuna msiba. Nikawaambia: nipe mwingine. Ndiyo maana nyuma ya kila suruali yangu, pale kiunoni, pana kipande cha ngozi chenye kofia iliyochomwa kwa moto, imelala upande wa kushoto. Nembo hiyo niliichora mwenyewe. Wapo waliojaribu kuiga. Kofia zao zimesimama wima kama sufuria.

Kesho yake, baada ya yale ya chumba cha chai, nilimpigia mama. Mama haoni tena, presha ya macho imemmaliza, kwa hiyo mke wangu, ambaye ndiye anayesimamia duka letu kule nyumbani, humwekea simu sikioni. Nikamweleza kisa kama kichekesho. Nilitarajia acheke.

Akasema, "Kwa hiyo wewe unamsikia."

"Nimemsikia tu, mama, kwa bahati."

"Mimi simsikii. Uso wake ninao, mikono ninayo, hata unyayo wake ninao. Sauti imeondoka. Nakaa hapa gizani naita mwanangu aseme kitu, hasemi."

Mimi, ambaye nimewahi kubishana na watu wa forodha mpaka wakaniletea kiti, nikahamishia simu sikio la pili.

"Wewe umefika huko ambako vitu vyote vinatengenezwa," akasema mama. "Nitafutie sauti ya mwanangu. Hata akiwa anakohoa tu. Nisife bila kuisikia."

Inabidi ujue kwamba mama hakuwahi kukanyaga banda lile. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kwake banda la video lilikuwa sebule ya shetani. Likiwa linanguruma, yeye alikuwa anazunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni. Kaka hakubishana naye. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa, anaongea chini chini kama anayeomba ruhusa, anakula, anashukuru, anakwenda kulala. Baadaye kifua kikamkamata, na banda likauzwa bati moja moja.

Nilimwambia mama, "Guangzhou hakuna kisichopatikana." Kinywa changu ndivyo kilivyo, huwa kinatangulia.

Nikatafuta. Niliuliza wauza vyombo vya zamani kuhusu kanda za video, wakapunga mkono, mei you, hakuna, na mmoja akanionyesha picha ya kanda kwenye simu yake kama mtu anayeonyesha mnyama aliyetoweka. Na wakati wote huo sauti ilinifuata. Ikawa mazoea: nasimama kwenye lifti ya jengo la Tianxiu, imejaa Wakongo na maboksi, mlango unafunga, na nyuma ya sikio langu mtu anasema taratibu, tulieni, wananchi, farasi wameanza kutembea. Nikigeuka, ni boksi.

Aliyenisaidia ni binti mmoja wa Unguja anayesomea shahada ya udaktari ya mambo ya maji taka. Tunakula mkahawa mmoja pale Xiaobei, jirani na Tianxiu, kwa sababu wanapika wali unaoeleweka. Huwa ananitania kwa kujigamba kwangu, nami humtania kwa kusoma miaka yote hiyo ili aje ajue choo kinakwenda wapi.

"Kaka, jina la huyo mwigizaji nani?" akaniuliza nilipomsimulia kisa.

"Mwenye Kofia."

"Hilo jina alipewa na mamake?"

Nikamweleza picha zenyewe, mti, baa, kofia. Alikuwa na kile kiprogramu cha kuruka ukuta wa mtandao wa Wachina. Haikumchukua muda akanigeuzia simu: ni yeye. Mzee, mashavu yameshuka, lakini ni yeye.

"Amekufa," akasema. "Zamani tu."

Niliweka kijiko chini. Ni ujinga, najua, picha zenyewe ni za enzi za babu zetu. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Nisomee maisha yake," nikasema. "Mimi nayajua, nataka tu kuona kama wameandika yote."

Akaanza kusoma huku akinitafsiria. Baba yake alikuwa daktari wa meno.

"Baba wa kambo," nikasema. "Yule ni yatima."

"Baba mzazi, kaka. Wamepiga picha pamoja, huyu hapa na koleo." Akaendelea. Alisoma mpaka chuo kikuu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma taarifa ya habari redioni, ndiko walikomwokota kwa ajili ya ile sauti. Farasi alikuwa anawaogopa. Kila farasi akionekana kwa mbali anakimbia, aliyempanda ni mtu mwingine aliyevalishwa nguo zake. Yeye alipanda pale tu alipotakiwa kuonekana uso, na kulikuwa na mtu ameshika hatamu nje ya picha.

"Na kuanguka?" nikauliza. "Mbele ya mabosi?"

Akatafuta. "Hakuna kuanguka."

Yule binti hakunihurumia. Waunguja hawana tabia hiyo. "Kwa hiyo makalio yote ya Kahama," akasema, "yamevaa kofia ya mtoto wa daktari wa meno."

"Endelea kusoma."

Ukaja mwisho. Mchezo ule ulipokatwa, hakuna aliyempa kazi nyingine. Akivaa suti watazamaji walicheka, akiigiza baba wa familia waliuliza bastola iko wapi. Akawa anaitwa kufungua maduka, anasimama mlangoni na kofia, anasema maneno yake mawili matatu, analipwa, anaondoka. Kwenye nyumba ya wazee alikuwa haitiki akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa. Na kulikuwa na maneno ya binti yake, ambayo yule msomi aliyasoma mara mbili kwa sababu alidhani hakuyaelewa. Kwamba baba yao alianza kurudi nyumbani na sauti ya kazini. Mezani, akiomba chumvi, aliiomba kwa sauti ya mkuu wa askari. Wao wakasubiri yake irudi. Hawakumbuki siku ipi waliacha kusubiri.

"Sauti ni sauti tu," nikasema. Nilikuwa bado nina hasira ya farasi.

Yeye alikuwa ameshaanza kutafuta kitu kingine. "Kaka," akasema, na safari hii hakutania. "Kuna moja hapa ina Kiswahili."

Ilikuwa fupi, kama robo saa hivi. Nikakumbuka. Mwaka wa mwisho, kifua kilipoanza kumbana, kaka aliunganisha maikrofoni na deki mbili, akarekodi sauti yake juu ya baadhi ya kanda ili mabanda ya njia ya machimboni yazikodishe bila yeye kuongea kila siku. Mtu fulani, sijui nani, alitunza moja, akaihamisha, akaitupia mtandaoni pasipo jina wala maelezo. Picha ilikuwa inaruka upande wa chini. Sauti ilikuwa nzima.

"Tulieni, wananchi. Mji huu una mwenyewe."

Watu wa mkahawani waligeuka kunitazama. Sijui nilifanya nini. Yule binti alinisogezea karatasi za kufutia mikono, akaangalia dirishani.

Niliisikiliza ile kanda siku nzima. Niliisikiliza Zhanxi katikati ya mikokoteni, mpaka wenye maduka wakadhani ninafanya mahesabu ya simu. Ilikuwa na kila kitu: baa, mti, farasi wakaanza kutembea, ndoo za maji, magunia, nipe mwingine. Nikasema moyoni, nani mwingine, kutoka mji gani mwingine, angeweza kufika China na kumtoa marehemu kwenye simu? Ni mimi.

Saa kumi jioni, kwetu ikiwa saa tano asubuhi, nikampigia mke wangu. Nilikuwa nimeshamtumia kiungo cha ile kanda. Nikamwambia amkalishe mama vizuri, awashe kanda kwenye simu nyingine, na hii aiache wazi ili nami nisikie mama atakavyosikia.

Nikasikia kutoka mbali, kutoka kwenye chumba nilichokijenga mimi: "Tulieni, wananchi. Mji huu una mwenyewe."

Nikangoja. Yakapita maneno ya baa. Ukapita mti.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Ndiye, mama," mke wangu akasema.

"Ndiye nani?"

"Mwanao, mama," nikadakia mimi. "Sikiliza vizuri. Ni kaka."

"Huyu si mwanangu. Huyu ni yule wa kwenye farasi."

"Mama, yule wa kwenye farasi ni Mzungu. Sauti hii ni ya kaka. Mji mzima unaijua."

"Mji mzima unaijua," akarudia. "Mimi nimemzaa. Hakuwahi kuongea namna hiyo mbele yangu hata siku moja. Umepigwa, mwanangu. Wamekuuzia sauti ya mtu."

Sijawahi kuambiwa nimepigwa na yakaniingia hivyo. Nilitaka kubisha, na hapo ndipo hofu iliponikamata, kwa sababu nilijaribu kuitafuta ile sauti nyingine, ya nyumbani, ili nimwelezee. Ya anayeomba maji. Ya anayeniambia nivute blanketi. Nilipekua kichwa changu chote, na kila kaka alipofungua mdomo, alitoka Mwenye Kofia. Hata akiomba chumvi. Nilimsikia kaka yangu mezani kwetu, chini ya koroboi, akiomba chumvi kwa sauti ya mkuu wa askari.

"Izime," nikamwambia mke wangu.

Hakuizima haraka. Anasema alikuwa anatafuta miwani. Kanda ikaendelea, farasi wakatembea, yatima akauza maji, na mimi nikiwa nimesimama kwenye ngazi za Tianxiu, kidole kikiwa tayari kukata simu.

"Ngoja," mama akasema. "Hapo. Rudisha hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo hapo nyuma kidogo."

Mke wangu akarudisha. Ndoo za maji, zizi la farasi, kisha sauti inakatika katikati ya neno. Kuna kikohozi kidogo, cha mtu aliyegeuza uso pembeni ya maikrofoni. Halafu, chini chini, kama anayeomba ruhusa:

"Mdogo wangu, funga mlango, jua linaingia."

Bati likagonga. Halafu Mwenye Kofia akarudi, yatima akaendelea kusoma magunia.

Kanda ile nilikuwa nimeisikiliza siku nzima, na pale nilikuwa napita kama mtu anayepita jiwe njiani. Sikuwa nimesikia kitu.

Mama alikuwa anapumua kwa nguvu. Mke wangu akaniambia baadaye kwamba alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, ameikandamiza sikioni.

"Huyo ndiye," akasema. "Mwanangu huyo. Anakuambia wewe."

"Ndiyo, mama."

"Ulifunga?"

"Nilifunga, mama. Lile bati ni mimi."

"Rudisha," akamwambia mke wangu.

Mke wangu anasema siku hizi mama hataki sehemu nyingine yoyote. Anataka kikohozi, mlango na bati. Ikifika kwa Mwenye Kofia anasema tosha, mwache aende zake. Na mke wangu amemaliza mwezi mzima wa salio kwa sababu ya sekunde tano, nami sijasema kitu.

Wiki iliyofuata nilirudi Xintang kuchukua mzigo. Laoban alinikaribisha chai, akawasha runinga mwenyewe kwa makusudi, akitabasamu. "Gege wako," akasema. Yule mtu alitoka baa, akageuka, akafungua mdomo. Kilitoka Kichina. Nikakaza masikio, nikasogea karibu kabisa na kioo. Kilikuwa Kichina tu, cha mtu nisiyemjua, na uso wa mtoto wa daktari wa meno ambaye anaogopa farasi.

Nje mafundi walikuwa wameuacha mlango wazi, na jua la mchana lilikuwa linapanda taratibu kwenye kioo cha runinga, linamla miguu, linamla mkanda. Nikainuka.

"Uache," laoban akasema. "Kuna joto."

Nikaufunga.